Nyumba ya Wanaopata Nafuu na Ridhaa ya Majirani

Kurasa nyingine za kijitabu hiki zinasimulia miaka 10 ya Chama Kikuu chetu: maghala yaliyojengwa, mizani iliyosahihishwa, malipo ya wakulima na mikopo ya pembejeo. Sisi tumepewa kuandika juu ya jambo ambalo halijatimia. Wanachama watakumbuka kwamba Mkutano Mkuu ulikubali Chama kijenge nyumba mjini, karibu na hospitali, ili mkulima aliyeruhusiwa kutoka wodini, naye hana bado nguvu za kustahimili safari ya basi na mwendo wa miguu hadi kwake, apate mahali pa kulala, kula na kufungwa vidonda mpaka apone. Kiwanja kipo na fedha zimetengwa. Kilichobaki ni kibali, maana kiwanja hicho kimeandikwa kuwa cha makazi, na nyumba ya namna hii haitajengwa hapo mpaka mamlaka ya upangaji wa mji ikubali.

Majirani wamekwisha kuuliza maswali yao, nao wana haki ya kuuliza. Ni wagonjwa gani watakaoletwa? Maradhi yao yaambukiza? Magari yatasimama wapi? Katika Kamati wengine wamesema tukusanye saini za majirani wote kwanza, na pasipo saini tusiende mbele. Wengine wamesema jirani hana neno katika kiwanja cha mwenziwe. Kabla ya kuchagua njia, tumeona yafaa tuwasimulie wanachama jinsi shauri kama hili lilivyopata kuamuliwa kwingine, hasa Marekani, ambako lilifika hadi mahakama ya mwisho na kila hatua yake ikaandikwa.

Desturi ya kugawa mji kwa sheria katika sehemu za makazi, za biashara na za viwanda si ya kale sana. New York ulikuwa mji wa kwanza wa Marekani kutunga sheria kamili ya namna hiyo, mwaka 1916. Miaka 10 baadaye, mwaka 1926, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya kijiji cha Euclid, kando ya mji wa Cleveland. Kampuni moja iliyokuwa na ekari 68 ililalamika kwamba sheria ya kijiji imeipunguzia ardhi yake thamani. Mahakama ikakipa kijiji haki. Jaji Sutherland, aliyeandika hukumu, alisema kwamba kitu chaweza kuwa chema lakini kikakosea mahali, mfano wa nguruwe aliyeingia sebuleni badala ya kukaa zizini. Mkulima hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Ila ugumu wote uliofuata umo humo humo: ni nani wa kusema kwamba nyumba ya wagonjwa ni nguruwe sebuleni?

Na hapana budi tuseme wazi kwamba ugawaji wa miji haukuanza kwa nia njema kila mahali. Baltimore mwaka 1910 ilitunga sheria ya kuwatenga watu weusi na weupe mtaa kwa mtaa, na miji mingine ikaiga, mpaka Mahakama ya Juu ilipoikataa sheria ya namna hiyo ya mji wa Louisville mwaka 1917. Hapa kwetu wazee wanaijua habari hii bila kitabu. Dar es Salaam ya wakoloni iligawanywa katika sehemu tatu kwa aina ya majengo, na aina ya majengo ikawa ndiyo rangi ya mtu: Uzunguni, Uhindini, na huku kwetu. Kwa hiyo mtu anaposikia kwamba ramani ya mji inamkataza mgonjwa asilale mtaa fulani, si ajabu akiuliza ramani hiyo ilichorwa kwa ajili ya nani.

Tuje sasa Seattle, mji wa bandari katika jimbo la Washington. Tangu mwaka 1914 palikuwa na nyumba ya hisani ya wazee maskini, maili kama 6 kutoka katikati ya mji, katika kiwanja kirefu kinachoshuka hadi ziwa liitwalo Washington. Ilikuwa nyumba ya mtu binafsi hapo zamani, ikatosha wazee 14 hivi. Mdhamini wake, yaani kampuni iliyokabidhiwa mali hiyo, alitaka kuibomoa na kujenga nyingine isiyoshika moto, ya kutosha watu 30, kwa gharama ya dola 100,000 hivi. Ramani ilikuwa ya kiasi: jengo jipya lingechukua sehemu 4 tu katika kila 100 za kiwanja, lingekaa futi 280 kutoka barabarani, na miti ingelificha karibu lote. Jirani wa karibu kuliko wote angekuwa umbali wa futi 110.

Kilichozuia si ramani. Sheria ya mji ya mwaka 1923 ilikuwa imerekebishwa mwaka 1925, ikasema kwamba nyumba ya hisani ya watoto au ya wazee yaruhusiwa katika mtaa wa makazi wa daraja la kwanza ikiwa wenye theluthi mbili ya ardhi iliyo ndani ya futi 400 wamekubali kwa maandishi. Futi 400 ni kama mita 120, si mbali. Mdhamini hakuleta maandishi hayo, naye msimamizi wa majengo akakataa kutoa kibali. Mahakama ya jimbo ikaona msimamizi ametenda sawa.

Mwezi Novemba 1928 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua uamuzi huo kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Butler. Twaomba wanachama waisome hoja yake polepole, maana hapa ndipo penye manufaa kwetu. Mahakama haikusema kwamba mji hauna nguvu ya kupanga mitaa. Nguvu hiyo ilikwisha kukubaliwa miaka miwili kabla. Ilisema hivi: ikiwa sheria yenyewe yakubali nyumba ya wazee iwepo mtaani humo majirani wakiridhika, basi sheria imekiri kwamba nyumba hiyo haina madhara kwa afya wala usalama wa watu. Kama ingekuwa na madhara, saini zisingeyaondoa. Kilichobaki ni mapenzi ya majirani tu. Na majirani hao hawakupewa kipimo chochote cha kufuata, hawakutakiwa kutoa sababu, wala hapakuwa na mahali pa kukata rufani juu yao. Mtu angeweza kunyima saini kwa choyo, au kwa kuamka vibaya asubuhi hiyo, na mzee maskini akakosa kitanda. Kazi ya baraza haiwezi kukabidhiwa watu binafsi kwa namna hiyo.

Mtu makini atauliza: je, ridhaa ya majirani haifai popote? Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kukutana na swali hilo mara mbili. Mwaka 1912 iliikataa sheria ya Richmond iliyowapa wenye theluthi mbili ya viwanja vya mtaa mamlaka ya kuamua nyumba zijengwe umbali gani kutoka barabarani. Lakini mwaka 1917 iliikubali sheria ya Chicago iliyotaka ridhaa ya majirani kabla mbao kubwa za matangazo hazijasimamishwa katika mitaa ya makazi. Tofauti yake yapasa kushikwa. Mbao zile zilionekana kuwa na madhara zenyewe, kwa hiyo baraza lilizikataza kwanza, na majirani wakapewa uwezo wa kulegeza katazo. Nyumba ya wazee haikuwa na dhara lililothibitishwa, bali majirani walipewa uwezo wa kuweka katazo. Kulegeza ni jambo moja na kufunga ni jambo jingine.

Kesi ya pili ni ya karibu zaidi. Mwaka 1980 katika mji wa Cleburne, jimbo la Texas, nyumba yenye vyumba 4 vya kulala ilinunuliwa ili wakae watu 13 wenye ulemavu wa akili, wanaume kwa wanawake, pamoja na watumishi wa kuwaangalia saa zote. Baraza la mji likaihesabu kuwa hospitali ya wenye akili dhaifu, likataka iombewe kibali maalumu cha kufanywa upya kila mwaka, pamoja na saini za wenye viwanja vilivyo ndani ya futi 200. Maombi yalipofika, yalikataliwa kwa kura 3 kwa 1.

Ajabu yenyewe ni hii: katika mtaa ule ule sheria iliruhusu nyumba za kupanga, mabweni, hospitali, na hata nyumba za kuuguzia wazee na wagonjwa wanaopata nafuu, zote bila kibali maalumu. Nyumba kama hii tunayoitaka sisi ingepita pale bila neno. Aliyevunjika mguu alikaribishwa. Aliyezaliwa na akili nzito alifungiwa mlango.

Baraza lilitoa sababu zake, na Mahakama ya Juu ikazipima moja moja mwezi Julai 1985, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji White. Baraza lilisema majirani hawapendi na wazee wa mtaa wanaogopa. Mahakama ikajibu kwamba hofu na chuki zisizo na msingi si sababu ya serikali kumnyima mtu. Likasema ng'ambo ya barabara kuna shule na watoto wataweza kuwadhihaki wakaaji. Ikaonekana kwamba shule hiyo yenyewe ilikuwa na wanafunzi kama 30 wenye ulemavu wa namna hiyo. Likasema mahali hapo hufikiwa na mafuriko makubwa ambayo huja mara moja katika miaka 500. Lakini mafuriko hayachagui, na nyumba za kuuguzia wagonjwa ziliruhusiwa papo hapo. Likasema watu ni wengi. Lakini idadi hiyo hiyo ingeruhusiwa kama wangekuwa watu wa namna nyingine. Mahakama haikukubali kulipa kundi hilo ulinzi wa pekee ambao mahakama iliyo chini yake ilikuwa imelipa. Ilitumia kipimo cha kawaida tu, yaani sheria iwe na sababu ya maana, na kwa kipimo hicho hicho baraza likashindwa.

Jaji Thurgood Marshall aliandika maoni yake mbali. Huyu ndiye aliyekuja kuwasaidia viongozi wa Kiafrika wa Kenya mwaka 1960 katika mazungumzo ya katiba huko London. Yeye alitaka sheria yote ya Cleburne ya kuwatenga watu hao ifutwe, si kwa nyumba ile moja tu, ili mwombaji wa kesho asilazimike kuanza upya. Sisi twamwona alikuwa na haki. Baadaye Bunge la Marekani lilirekebisha sheria ya makazi mwaka 1988 ili iwalinde wenye ulemavu, na mwaka 1995 mji wa Edmonds, jirani wa Seattle, ulishindwa katika shauri la nyumba ya watu 10 hadi 12 waliokuwa wakipona ulevi.

Mahakama za Marekani hazitufungi sisi. Sheria yetu ni ile ya Mipango Miji ya mwaka 2007, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1956, na ombi letu litaamuliwa kwa hiyo. Lakini namna ya kupima sababu yaweza kusafiri. Jirani akisema maji machafu yatafurika, hilo ni jambo la kupimwa, nasi tumechora shimo na bomba lake katika ramani. Akisema gari la wagonjwa litaziba njia, tumeacha nafasi ya magari mawili ndani ya uzio. Akisema hapendi tu kuona watu wenye bandeji wakiota jua, hatuna mchoro wa kumjibu, na twaamini baraza nalo halitauhitaji.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa Kamati ni kwamba majirani watembelewe nyumba kwa nyumba na maneno yao yaandikwe, ya kukubali na ya kukataa, yapelekwe yote pamoja na ombi. Saini zisifanywe sharti ambalo sisi wenyewe tumejiwekea, hali sheria haikutudai. Ramani, vipimo vya kiwanja na nakala ya ombi vimewekwa katika ofisi ya Chama Kikuu, na mjumbe wa kila chama cha msingi aweza kuvitazama siku za kazi kabla Kamati haijakutana.