Hewa ya Kitonga: kutoka kabureta hadi waya wa moto

Ukiacha joto na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni ukaanza kupanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa, gari lako linapoteza kitu kisichoonekana. Ni hewa. Iringa iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya kama 1,700, na huko Mbeya kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 82 tu ya ile ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hubaki na nguvu za karibu kiwango hichohicho.

Kabureta haikujua habari hiyo. Hewa ilipokuwa nyepesi, yenyewe iliendelea kumwaga petroli nyingi kupita kiasi: moshi mweusi, plagi zimejaa masizi, gari linamisi likipanda Mlima Nyoka, Mbeya. Enzi za Land Rover za petroli, fundi wa Mbeya alikuwa na tiba mbili. Aliweka jeti ndogo, na aliizungusha distribyuta ili cheche iwahi zaidi, kwa sababu mchanganyiko wenye kanieneo ndogo huungua polepole. Tiba ilifaa palepale mjini. Gari lilelile likiteremka Morogoro kwenye hewa nzito, petroli haitoshi, cheche imewahi mno, injini inaanza kugonga. Asiyerudisha tayming ya cheche njiani aliweza kutoboa pistoni. Mafundi wale walipima kwa sikio, na nawaheshimu sana kwa hilo.

Ukombozi ulianzia mbali. Mwaka 1967 Bosch ya Ujerumani ilifunga mfumo wa umeme wa kupuliza petroli kwenye Volkswagen 1600. Mwaka 1974 ukaja mwingine wenye kibao kinachosukumwa na hewa inayoingia, ila kibao hupima ujazo, uzito hakiujui. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo ulipokuja waya wa moto. Hewa ikipita huupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake hueleza uzito wa hewa. Kwa waya huo, Mbeya na Dar es Salaam hazikuwa tena kitu kimoja. Kabla yake, mwaka 1979, BMW 732i ilikuwa imekwisha kuunganisha petroli na cheche kwenye kontrol boksi moja.

Toyota IST ya 2002, ambayo leo imejaa mitaani Mwanjelwa, Mbeya, ina sensa ya namna hiyo na kila plagi ina koili yake. Inateremka hadi pwani bila mtu kushika bisibisi.

Hata hivyo waya hauongezi hewa. Unagawa petroli sawasawa na hewa iliyopo. Inayoirudisha ni turbo, kama ile iliyomo kwenye Subaru Impreza na Mitsubishi Evolution za mbio za magari. Filta ya wazi inayouzwa kama dawa ya nguvu mara nyingi hufyonza hewa ya moto ya injini, na ile inayopakwa mafuta, yakizidi, huuchafua waya. Plagi za iridiamu hudumu muda mrefu, lakini kwenye injini nzima nguvu zinazoongeza ni kidogo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kutoa hela ya vifaa hivyo, mwambie fundi abadilishe filta, akague koili na mwanya wa plagi, kisha aisafishe sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu. Asiufute waya kwa kitambaa. Ni mwembamba kama unywele na hukatika.