The Changeling (sehemu ya Star Trek)

The Changeling ni sehemu ya tatu ya msimu wa pili wa Star Trek, mfululizo wa televisheni wa bunilizi ya kisayansi kutoka Marekani ulioanzishwa na Gene Roddenberry. Ilirushwa hewani kwa mara ya kwanza na NBC tarehe 29 Septemba 1967. Iliandikwa na John Meredyth Lucas na kuongozwa na Marc Daniels.

Sehemu hii inahusu mashine inayojiendesha yenyewe, iitwayo Nomad, inayoangamiza kila kiumbe inachokiona kuwa na kasoro. Kwa wasemaji wa Kiswahili inajulikana zaidi kwa onyesho moja fupi: Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano, anafutwa ujuzi wake wote na mashine hiyo, lakini anapoanza kufundishwa upya anatamka maneno ya Kiswahili. Onyesho hilo limezua mjadala wa muda mrefu kati ya mashabiki: kama kila kitu kilifutwa, Kiswahili kilitoka wapi?

Jina

Neno changeling linatoka katika ngano za Ulaya. Humtaja mtoto wa majini aliyewekwa kitandani mahali pa mtoto wa binadamu, akachukua nafasi yake bila wazazi kutambua. Nahodha Kirk anaeleza maana hiyo ndani ya hadithi yenyewe. Anailinganisha na Nomad, ambayo ina jina la chombo kilichoundwa na binadamu lakini si chombo kilekile tena.

Hadithi

Chombo cha anga Enterprise kinafika katika mfumo wa nyota wa Malurian na kukuta wakazi wake wote, watu bilioni 4, wamekufa. Muda mfupi baadaye kinashambuliwa kwa silaha zenye nguvu kubwa. Mshambuliaji ni mashine ndogo. Kirk anapojitambulisha, mashine hiyo inaacha kushambulia na kukubali kuingizwa ndani ya Enterprise.

Inagundulika kwamba Nomad ilirushwa kutoka Dunia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kutafuta uhai mpya. Mtengenezaji wake alikuwa mwanasayansi Jackson Roykirk. Safarini ilipata ajali na baadaye ikakutana na chombo cha viumbe wengine kilichoitwa Tan Ru, ambacho kazi yake ilikuwa kukusanya sampuli za udongo na kuziua vijidudu. Vyombo hivyo viwili vilijitengeneza na kuungana. Amri zao nazo zilichanganyika, na kutokana na mchanganyiko huo ikazaliwa amri mpya: kutafuta uhai na kuangamiza usio kamili. Kwa kuwa majina Kirk na Roykirk yanafanana, Nomad inaamini kwamba nahodha ndiye muumba wake.

Ndani ya Enterprise, Nomad inamsikia Uhura akiimba akiwa kazini. Inamwuliza maana ya kuimba, haielewi jibu, kisha inachunguza akili yake na kumwondolea ujuzi wote. Mhandisi Scott anayejaribu kuizuia anauawa. Nomad inamfufua Scott kwa amri ya Kirk, lakini haiwezi kumrudishia Uhura alichopoteza, kwa sababu hifadhi ya maarifa yake imefutwa. Daktari McCoy anasema kwamba ubongo wenyewe ukiwa haujaharibika, Uhura anaweza kufundishwa tena.

Mwishoni Kirk anaionyesha Nomad kwamba yenyewe imekosea: imemdhania yeye kuwa Roykirk, haikugundua kosa hilo, wala haikulisahihisha. Kwa amri yake yenyewe Nomad inalazimika kujiangamiza. Inatupwa angani na kulipuka. McCoy anaripoti kwamba Uhura ameshafikia kiwango cha elimu ya chuo na atarudi kazini ndani ya wiki moja.

Waigizaji

Kirk aliigizwa na William Shatner, Spock na Leonard Nimoy, McCoy na DeForest Kelley, Scott na James Doohan, na Uhura na Nichelle Nichols. Muuguzi Christine Chapel, anayemfundisha Uhura kusoma, aliigizwa na Majel Barrett. Sauti ya Nomad ilikuwa ya Vic Perrin.

Kiswahili katika Star Trek

Jina la Uhura limetokana na neno la Kiswahili uhuru. Kwa maelezo ya Nichols, siku ya majaribio ya uigizaji alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotolewa mwaka 1962 na kuhusu Kenya. Roddenberry alilipenda neno hilo, na irabu ya mwisho ikabadilishwa ili lisikike kama jina la mwanamke. Kwa Kiswahili badiliko hilo halikuhitajika, kwa kuwa lugha haitofautishi jinsia kwa mwisho wa neno. Umbo Uhura si neno la Kiswahili, ilhali Uhuru hutumika kama jina la mtu, kwa mfano Uhuru Kenyatta, aliyezaliwa mwaka 1961.

Miaka hiyo neno uhuru lilikuwa midomoni mwa watu kote Afrika Mashariki. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Kilele cha juu kabisa cha Kilimanjaro kilipewa jina la Uhuru. Hata reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kupita bonde la Kilombero kwenye Ifakara na Mlimba kabla ya kupanda kuelekea Uchindile na Makambako, iliitwa Reli ya Uhuru. Nchini Marekani, Kiswahili kilikuwa kikichaguliwa na Wamarekani wengi weusi kama lugha ya kuwaunganisha na Afrika. Sikukuu ya Kwanzaa, yenye majina ya Kiswahili, ilianzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966.

Kiswahili kilisikika katika Star Trek tangu siku ya kwanza ya mfululizo kurushwa na NBC. Katika sehemu ya The Man Trap ya tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe anayeweza kubadili sura anamjia Uhura katika umbo la mwanamume na kuzungumza naye kwa Kiswahili. Kiumbe huyo hupata sura yake kutoka katika mawazo ya mtu anayemwinda. Kwa hiyo hadithi inamaanisha kwamba Kiswahili kimo ndani kabisa ya mawazo ya Uhura. The Changeling, mwaka mmoja baadaye, inarudia wazo hilo kwa njia nyingine.

Wasemaji wengi wa Kiswahili hawakuweza kuyasikia maneno hayo wakati huo. Televisheni ilikuwapo Kenya tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini Zanzibar ilianza mwaka 1973 na Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994.

Onyesho la kujifunza

Katika onyesho linalojadiliwa, Uhura amekaa na muuguzi Chapel akisoma maneno mepesi ya Kiingereza, kama mtoto wa darasa la kwanza. Anaweza kusoma juu ya mbwa na mpira. Anapokwama, anatamka maneno kwa Kiswahili. Chapel anamwambia aseme kwa Kiingereza. Uhura anarudi kwenye kitabu, analisoma vibaya neno la Kiingereza lenye maana ya buluu, anasahihishwa, na wote wawili wanafurahi.

Maneno ya Kiswahili hayakuwekewa tafsiri kwenye skrini. Hadithi haielezi kwa nini Uhura anayakumbuka, na hakuna anayeshangaa kuyasikia.

Mjadala wa mashabiki

Star Trek ilikuwa miongoni mwa mifululizo ya kwanza ya televisheni kuwa na mashabiki waliojipanga. Spockanalia, jarida la kwanza la mashabiki wake, lilitoka Septemba 1967, mwezi uleule The Changeling iliporushwa. Mkutano mkubwa wa mashabiki ulifanyika New York Januari 1972. Desturi ya kuchambua kila sehemu, kutafuta mahali inapojipinga na kuipatia maelezo, ilikua katika majarida na mikutano hiyo.

Kuhusu The Changeling, mashabiki hugawanyika katika hoja kuu tatu.

Hoja ya kwanza ni kwamba hili ni kosa la uandishi. Nomad imesema maarifa yamefutwa, na lugha ni sehemu ya maarifa. Tena mtu mzima hawezi kujifunza kila kitu kutoka alfabeti hadi chuo ndani ya siku chache. Wanaoshikilia hoja hii hutaja pia kwamba wiki moja baadaye, tarehe 6 Oktoba 1967, ilirushwa sehemu ya Mirror, Mirror, ambamo Uhura yuko kazini na ana jukumu kubwa, bila mtu yeyote kugusia yaliyompata. Kwa upande mwingine, wiki moja ndiyo muda uleule aliotaja McCoy.

Hoja ya pili ni kwamba Nomad haikufuta kila kitu. Uhura bado anakaa, anazungumza, anacheka na kukasirika. Kwa hiyo kilichoondolewa ni elimu ya juujuu, na chini yake imebaki lugha ya utotoni. Kwa hoja hii, kujifunza kwake haraka si muujiza: anafunguliwa njia za kufikia vitu ambavyo bado vimo.

Hoja ya tatu ni kwamba aliyerudi kazini si Uhura yuleyule. Ikiwa kumbukumbu zake zilipotea, basi anayejua kazi yake baada ya wiki moja ni mtu mpya mwenye sura ya zamani. Wanaosema hivyo huliona jina la sehemu hii kuwa linamhusu yeye pia, si Nomad pekee.

Ulinganisho na elimu ya lugha

Swali la lugha ipi hubaki baada ya ubongo kuumia limechunguzwa tangu karne ya 19. Mwanasaikolojia Mfaransa Théodule Ribot, katika kitabu chake cha mwaka 1881 kuhusu magonjwa ya kumbukumbu, alisema mambo yaliyojifunzwa zamani hudumu kuliko mapya. Kwa mtu wa lugha kadhaa, hiyo ina maana kwamba lugha ya kwanza ndiyo ingerudi kwanza. Mwaka 1895 daktari Mfaransa Albert Pitres alitoa maoni tofauti: inayorudi kwanza ni lugha ambayo mgonjwa aliizoea na kuitumia zaidi. Visa vilivyokusanywa baadaye vimeonyesha kwamba hakuna kanuni moja inayowafaa wagonjwa wote. Wengine hurudisha lugha zote kwa pamoja, wengine moja kabla ya nyingine.

Onyesho la Uhura linafuata kanuni ya Ribot. Kwa kanuni ya Pitres, Kiingereza, ambacho Uhura hukitumia kazini kila siku, ndicho kingetangulia.

Mwaka 1972 Endel Tulving alitenganisha kumbukumbu ya matukio ya maisha na kumbukumbu ya maarifa ya jumla. Utengano huo unalingana na hoja ya pili ya mashabiki, ingawa uliandikwa miaka mitano baada ya sehemu hii.

Nafasi ya lugha mbili

Ndani ya hadithi, maendeleo ya Uhura yanapimwa kwa Kiingereza pekee. Anapotamka Kiswahili tayari ana sarufi na msamiati, yaani ana maarifa, lakini mwalimu wake anamrudisha kwenye kitabu kana kwamba hajasema kitu. Kwa shule ya Afrika Mashariki onyesho hilo si geni. Katika shule nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania wanafunzi wamekatazwa, na pengine kuadhibiwa, kwa kuzungumza lugha zao badala ya Kiingereza. Mwaka huohuo wa 1967 Tanzania ilitangaza Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali.

Hata hivyo, onyesho hilo linaweza kusomwa kinyume chake. Mashine yenye uwezo wa kuua mabilioni ya watu ilichukua kila ilichokipata kwa Uhura, na Kiswahili kikabaki. Mwaka 1967 haikuwa kawaida kwa televisheni ya Marekani kuonyesha lugha ya Kiafrika kama lugha ya kwanza ya mtaalamu wa karne ya 23.

Nichols na nafasi ya Uhura

Onyesho hili lingeweza kutokuwapo. Nichols alisimulia mara nyingi kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha kazi, akabadili nia baada ya kukutana na Martin Luther King, aliyemwambia kwamba nafasi yake ilikuwa na maana kubwa kwa watu weusi. Tangu mwaka 1977 Nichols alisaidia NASA kuwavutia wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga. Mae Jemison, Mmarekani mweusi wa kwanza mwanamke kwenda angani, Septemba 1992, alisema Uhura alikuwa mfano kwake. Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022.

Baadaye

Filamu ya kwanza ya Star Trek ya mwaka 1979 ina hadithi inayofanana sana na ya The Changeling: chombo kilichorushwa na binadamu kinarudi kikiwa na nguvu za kutisha na kumtafuta muumba wake. Mashabiki wamefanya mzaha mwingi kuhusu mfanano huo.

Jina la kwanza la Uhura, Nyota, lilibuniwa katika vitabu miaka ya 1980 na kuthibitishwa katika filamu ya mwaka 2009. Tofauti na Uhura, hilo ni neno kamili la Kiswahili. Katika mfululizo wa Strange New Worlds, ulioanza mwaka 2022, Uhura anaigizwa na Celia Rose Gooding, ametoka Kenya na anajua lugha 37.