Chura wa Kihansi na Bei ya Taa

Kama ulisoma shule Tanzania miaka ya 1990, mgao wa umeme huna haja ya kusimuliwa. Tulisoma kwa kibatari, asubuhi ukipenga kamasi linatoka jeusi. Kwa hiyo habari za mradi wa Kihansi, megawati 180, zilikuwa habari njema, na leo sitaki kujifanya kwamba tulikosea kushangilia.

Mto Kihansi unashuka kwa kishindo kutoka milima ya Udzungwa kwenda bonde la Kilombero. Kwenye korongo lake maji yalikuwa yakijipiga miambani na kurusha manyunyu usiku na mchana, mwaka mzima. Manyunyu hayo yalilea ardhi oevu ndogo mno, kama hekta 2 hivi. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza, watafiti wakamkuta humo chura wa manjano, ambaye hata akikua hafiki sentimita 3. Hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea. Anazaa watoto waliokamilika, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi. Hajawahi kupatikana penginepo duniani.

Wanasayansi wakamwita Nectophrynoides asperginis. Neno hilo la pili ni la Kilatini na linatokana na manyunyu. Sasa angalia: jina hilo lilichapishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na muda si mrefu baadaye maji mengi ya mto yakageuzwa kuingia kwenye handaki la mitambo. Yaani alipewa jina la kitu kilekile alichokuwa ananyang'anywa.

Mwaka 2000, vyura karibu 500 walipandishwa ndege kwenda Marekani, kutunzwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni nako yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji, kuiga maporomoko. Kwa muda ilisaidia. Mwaka 2003 walikadiriwa kufika 20,000 hivi. Mwaka huohuo wakaporomoka ghafla. Kuvu anayeshambulia ngozi za vyura alikuwa ameshaingia. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 kundi la kwanza likarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena Kihansi, kwenye manyunyu ya mabomba.

Najua mtu wa kijiweni atauliza: chura na umeme wa wodi ya wazazi, kipi kwanza? Swali ni halali kabisa. Tatizo ni kwamba liliulizwa zege likiwa limeshamwagwa. Tungeweza kuchagua umeme na bado tukaacha maji ya kutosha korongoni, au tukachagua vinginevyo. Lakini huwezi kupima bei ya kitu ambacho hujui kama kipo. Ninachosikitikia ni huko kutokujua. Taa ninazifurahia hadi leo.

Na kutokujua hakukuishia korongoni. Huko chini, kwenye mafuriko na matete ya Kilombero, eneo lililoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2002, mnana wa Kilombero alipata jina la kisayansi mwaka 1990 tu. Ndege wengine wawili wadogo wa matete hayohayo walishaonekana na watafiti tangu miaka ya 1980, lakini majina yao rasmi yalitoka mwaka 2021. Miaka zaidi ya 30! Muda wote huo waliimba, wakajenga viota, na bonde likazidi kulimwa.

Historia zetu za maendeleo huanza siku ya jiwe la msingi na kuishia siku ya kukata utepe. Hii ya Kihansi ingepaswa kuanza nyuma zaidi, siku ambayo hakuna aliyetumwa kushuka korongoni na tochi kuangalia nani anaishi mle.