Kutokuwapo Si Kutelekezwa: Wahusika Wasiomalizwa katika Katuni za Mashujaa wa Marekani

Mwaka 1988 kampuni ya DC Comics ya Marekani iliwauzia wasomaji wake haki ya kumuua kijana. Katika hadithi ya Batman iliyoandikwa na Jim Starlin, Jason Todd, wa pili kuvaa vazi la Robin, aliachwa ndani ya jengo lililolipuliwa na adui aitwaye Joker, na wasomaji wakapewa namba mbili za simu: moja ya kumponya, nyingine ya kummaliza. Simu moja ilitozwa senti 50. Waliotaka apone walikuwa 5,271; waliotaka afe 5,343. Kwa kura 72 Jason akazikwa. Wachambuzi wengi hulitaja tukio hili kama ushahidi wa ukatili wa mashabiki wa katuni. Wanasahau ni nani aliyechapisha namba za simu.

Nimeanza na kura hiyo kwa sababu mjadala juu ya wahusika waliotelekezwa huendeshwa kana kwamba msomaji amejialika mwenyewe. Wachapishaji na watetezi wao husema mashabiki ni watu wazima wanaolilia vitu vya utotoni. Mashabiki nao humtafuta mbaya wao: mhariri fulani hampendi mhusika fulani, basi amemfungia kabatini. Maelezo yote mawili ni mepesi. Makala hii inadai kwamba wasomaji hawaudhiwi na kutokuwapo kwa mhusika, maana wahusika wengi hawapo na hakuna anayewalilia. Wanaudhiwa na mhusika kuachwa njiani, hadithi yake ikiwa haijafika popote, huku mwenye mali akikataa kumwendeleza na akikataa vilevile kumhitimisha. Tabia hiyo haihitaji chuki ya mtu yeyote ili itokee. Imo ndani ya biashara yenyewe.

Umberto Eco, katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu Superman, alieleza kwamba shujaa wa aina hii amekwama kati ya kisasili na riwaya. Akiwa mtu wa kisasili, hapaswi kubadilika. Akiwa mtu wa riwaya, kila atendalo linamsogeza karibu na kifo. Wachapishaji, kwa maoni ya Eco, waliukwepa mtego huo kwa kuuvuruga wakati, hadithi ya leo isiikumbuke ya jana. Uchambuzi huo unamfaa sana Superman wa miaka ya 1950. Lakini Eco akiwa bado anaandika, Marvel chini ya Stan Lee ilikuwa imeshaanza kushika njia nyingine. Ndani ya picha viliwekwa vijisanduku vya kumkumbusha msomaji ni toleo gani lililosimulia tukio linalotajwa. Barua za wasomaji zilichapishwa. Aliyegundua kosa la mfuatano wa matukio, kisha akalitafutia maelezo, alipewa zawadi ya mzaha iliyoitwa No-Prize, ambayo kwa kipindi fulani ilikuwa bahasha tupu iliyotumwa kwa posta. Bahasha ilikuwa tupu, ila somo lilikuwa zito: kukumbuka ni kazi ya msomaji, na kazi hiyo ina heshima yake.

Kuanzia hapo kumbukumbu yenyewe ikawa bidhaa. Aliyenunua toleo la mwezi huu alinunua pia sababu ya kuyasaka ya nyuma na kuyangoja ya mbele. Henry Jenkins, katika kitabu chake cha mwaka 1992, aliwatetea mashabiki wa televisheni kama watu wanaojitwalia kazi za wengine na kuzigeuza kwa matumizi yao. Kwa katuni utetezi huo haufiki mbali. Hawa hawakuvamia shamba la mtu. Waliitwa kulilima, tena kwa fedha yao wenyewe. Mchapishaji anayemshangaa msomaji kwa kukumbuka sana anashangaa kazi ya mikono yake.

Tulichukue jina moja, Batgirl, tuone limepita kwa nani. Barbara Gordon, binti wa kamishna wa polisi, alilibeba tangu 1967. Mwaka 1988 hadithi ya The Killing Joke ilimpiga risasi ya uti wa mgongo, na maumivu yake yakatumika kama chombo cha kumtesea baba yake. Kim Yale na mumewe John Ostrander, wote waandishi, hawakuridhika. Mwaka uliofuata walimrudisha katika Suicide Squad akiwa Oracle, mtaalamu wa kompyuta aliye katika kiti cha magurudumu, ambaye mashujaa wenzake hawafanyi kitu bila taarifa zake. Jeraha halikufutwa. Lilifanywa kuwa sehemu ya maisha ya mtu, na ndivyo hadithi inayojiheshimu inavyofanya.

Mwaka 1999 akaja Cassandra Cain, aliyebuniwa na mwandishi Kelley Puckett na mchoraji Damion Scott: msichana mwenye asili ya Kiasia, aliyelelewa na baba muuaji bila kufundishwa kusema, ili mwili uwe lugha yake pekee. Mfululizo wake wa Batgirl ulifikia matoleo 73, kuanzia 2000 hadi 2006. Ulipofungwa tu, Cassandra akaibuka katika mfululizo wa Robin akiwa kiongozi wa wauaji, mwenye maneno mengi kinywani. Huyu ndiye binti ambaye kiini chake chote kilikuwa kukataa kuua! Baadaye ikaelezwa kwamba alikuwa amenyweshwa dawa na adui. Maelezo hayo yalimrudishia tabia yake. Nafasi yake hayakumrudishia.

Kisa cha Stephanie Brown kinaeleza zaidi. Alianza mwaka 1992 kama binti wa mhalifu anayeziharibu njama za baba yake, na mwaka 2004 akapewa vazi la Robin. Miezi michache baadaye Batman akamfukuza, akatekwa, akateswa, akafa. Vazi la Jason Todd lilikuwa limehifadhiwa ndani ya kabati la kioo katika pango la Batman, ukumbusho wa aliyeanguka. La Stephanie halikuwekwa. Mashabiki, wengi wao wanawake, wakaanzisha kampeni ya kudai kabati hilo. Jambo hili latosha kuwashangaza wanaodhani kila shabiki hulilia ufufuo: kampeni ilidai kwamba kifo kihesabiwe kuwa kifo, marehemu akumbukwe na wenzake kama alivyokumbukwa wa kwanza. Kampuni ikajibu mwaka 2008 kwa kumfufua, ikieleza kwamba daktari alikuwa amekighushi kifo chake. Ilikuwa rahisi kumrudisha hai kuliko kukiri kwamba alikufa.

Haikuishia hapo. Mwaka 2009 Stephanie akawa Batgirl katika mfululizo wa Bryan Q. Miller, matoleo 24 ya ucheshi na moyo mkubwa, yakakatishwa Agosti 2011 kwa sababu DC ilikuwa inaanza upya magazeti yake yote, 52 kwa hesabu, kuanzia toleo la kwanza. Katika toleo la mwisho Miller anamlewesha Stephanie kwa ua la sumu, na katika ndoto yake tunaona, ukurasa baada ya ukurasa, visa ambavyo angevipitia kama angeachwa aendelee. Sijui katuni nyingine ya wakati ule iliyomlalamikia mwajiri wake waziwazi hivi, ikachapishwa na mwajiri huyohuyo. Mwezi uliofuata Barbara alikuwa amesimama kwa miguu yake, Batgirl tena, na mwandishi wake mpya alikuwa Gail Simone, ambaye mwaka 1999, akiwa bado msomaji tu, alikusanya orodha ya wanawake wa katuni waliouawa au kuharibiwa ili kusukuma mbele hadithi za wanaume. Cassandra na Stephanie safari hii hawakuuawa. Walikuwa hawajawahi kuzaliwa. Kabla ya hapo, Julai, katika mkutano mkubwa wa San Diego, mwanamke aliyevaa kama Batgirl alikuwa amepita kikao baada ya kikao akiwauliza wakuu wa DC kuhusu wanawake katika magazeti yao, na swali lake likawa habari kuliko mengi yaliyotangazwa jukwaani.

Kwa nini jina moja lisibebwe na watatu? Sheria ya alama za biashara hulinda jina linalotumika, na haijali nani yumo ndani ya vazi. Marvel ilimtoa Spider-Woman mwaka 1977 kwa hofu kwamba mwingine angelichukua jina hilo, hadithi ikatafutwa baadaye. Kwa macho ya mwanasheria Batgirl ni mali, na Cassandra ni namna mojawapo ya kuitumia. Ongeza soko. Tangu miaka ya 1980 katuni hizi zimeuzwa zaidi katika maduka maalumu ambayo hununua bila haki ya kurudisha zisizouzika. Mwenye duka huagiza kabla hajaona kitu, na hasara ni yake. Basi mhusika aliyesahauliwa huagizwa kidogo kwa kuwa amesahauliwa, kisha hufutwa kwa kuwa aliagizwa kidogo. Na aliyeibuni hadithi hana mamlaka ya kuifunga: desturi ya fani imekuwa hiyo tangu Jerry Siegel na Joe Shuster walipouza haki za Superman kwa dola 130 mwaka 1938.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mhusika wake wa kumpima. Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum walimleta Storm katika kundi la X-Men: Ororo Munroe, ambaye mama yake ni binti wa kifalme wa Kenya na baba yake mpiga picha Mmarekani, aliyekulia Cairo na kuabudiwa Kenya kama mungu wa mvua. Mama anaitwa N'Daré, jina litakalomfanya msomaji wa Nyeri au Kisumu akune kichwa, lakini tuliache hilo. Storm hajatelekezwa kwa maana ya kufutwa. Ameliongoza kundi hilo mara kadhaa tangu miaka ya 1980, na mwaka 1986 alimshinda mwenzake Cyclops katika pambano la kuwania uongozi akiwa hana hata chembe ya nguvu zake. Yupo kila mahali, na muda mrefu hakuwa na pake. Wolverine, aliyejiunga na kundi katika toleo lilelile alilojiunga Storm, alipata mfululizo wake wa kudumu mwaka 1988. Storm aliungoja hadi 2014, akapewa chini ya mwandishi Greg Pak, na baada ya matoleo 11 ukafungwa. Ndoa yake na T'Challa wa Wakanda ilifungwa kwa kishindo mwaka 2006 na kuvunjwa mwaka 2012 ndani ya mgogoro wa watu wengine. Mwaka 2024 alipewa mfululizo mwingine, safari hii na mwandishi Mnigeria, Murewa Ayodele. Ni jambo la kupongezwa. Lakini muundo uliomweka pembeni miaka yote hiyo haujabadilika, na mpaka ubadilike kila mfululizo wa Storm utasomwa kwa wasiwasi wa kufungwa.

Sasa tumtazame asiyekuwapo na asiyelalamikiwa. Mwaka 1994 James Robinson na mchoraji Tony Harris walianza kumwandika Jack Knight, muuza vitu vya kale katika mji wa Opal, anayerithi jina la Starman shingo upande baada ya kaka yake kuuawa. Mwaka 2001, katika toleo la 80, Jack anaikabidhi fimbo ya baba yake kwa msichana mdogo, anaondoka na mpenzi wake kwenda kulea mtoto. DC, kinyume na mazoea yake, imeuheshimu mwisho huo kwa kiasi kikubwa: Jack hakuburutwa kurudi kupigana. Wapenzi wa Starman wanamkumbuka, wanaisoma upya hadithi yake, wanaipendekeza kwa wengine. Hawaandamani. Kama tatizo lingekuwa kutokuwapo, Jack Knight angekuwa mwathirika mkubwa kuliko Stephanie Brown.

Kuna pingamizi moja la kweli, nalo linawahusu mashabiki wenyewe. Mashabiki wamesaidia kuijenga hali wanayoilalamikia. Hal Jordan, Green Lantern wa miaka ya 1960, alipogeuzwa kuwa mwovu mwaka 1994, kundi la wasomaji liliungana kudai arudishwe, na mwandishi wa mrithi wake akatukanwa kwa kazi aliyoajiriwa kuifanya. Hal akarudishwa katika hadithi iliyoanza mwaka 2004, na Kyle Rayner, aliyekuwa ameshika nafasi hiyo kwa miaka kumi, akasogezwa kando. Barry Allen akarudi kuwa Flash baadaye, na mrithi wake Wally West, Flash wa kizazi kizima cha wasomaji, akapotea mwaka 2011. Shabiki wa jana huwa mhariri wa leo. Njia hiyo ya kutoka ushabiki hadi uhariri ilifunguliwa na akina Roy Thomas katika miaka ya 1960, na huyo mhariri hurudi na shujaa wa utoto wake. Wanaolipia ni waliozaliwa baadaye, na kwa kuwa mashujaa wa mwanzo walikuwa karibu wote wanaume weupe, waliozaliwa baadaye ndio wenye wanawake na watu wa rangi nyingine wengi. Stephanie alirudi mwaka 2014, Cassandra mwaka 2015, wakapewa gazeti la pamoja lililofungwa mwaka 2023. Hizo si haki zilizotendeka. Ni zamu.

Kwa hiyo naona mashabiki wako sahihi katika uchungu wao na wamekosea katika dai lao. Kudai mhusika arudishwe ni kumpa mchapishaji kile anachokipenda zaidi, yaani sababu nyingine ya kuuza toleo la kwanza. Dai lenye uzito ni kwamba mwandishi anayepewa mhusika apewe pia ruhusa ya kumfikisha mwisho, na mwisho huo uheshimiwe na watakaokuja. Sisi tunaofundisha na kuhakiki fasihi nasi tuwasome mashabiki hawa kama wahakiki wa muundo wa hadithi, kwa maana waliotaka kabati la kioo la Stephanie Brown walielewa suala la hitimisho vizuri kuliko kampuni iliyommiliki.