Nani alilipia mlima wa nafaka wa Ulaya?

Ndugu zangu, kila nikisikia hoja ya nchi zetu kuwa na ghala moja la pamoja la nafaka, suala la mwanzo linalonijia si wapi lijengwe. Ni nani atalipa, mwezi baada ya mwezi, gunia likiwa limelala mle ndani. Hawa wa Ulaya tunaoishi nao walishaipita njia hiyo, na khabari yake inafaa tuijue.

Watu hupenda kuanzia kwenye kichekesho cha milima ya nafaka. Lakini chanzo chake ni njaa khasa. Uholanzi watu walikufa kwa kukosa chakula msimu wa baridi wa 1944-45, na kamishna wa mwanzo wa kilimo wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, Sicco Mansholt, alikuwa mkulima wa huko huko. Mfuko wa pamoja wa kilimo, uliojulikana kwa kifupisho cha Kifaransa FEOGA, uliundwa 1962. Kuanzia Julai 1967 nafaka ikawa na bei moja katika nchi zote sita. Soko likianguka, serikali inanunua kwa bei iliyopangwa, inaweka ghalani mpaka hali itengenee. Hapo sioni kosa, hata Nabii Yusuf aliweka akiba.

Sasa njoo kwenye malipo. Brussels haikuwa na ghala wala haikununua gunia. Kila nchi ilikuwa na chombo chake: Ufaransa walikuwa na ONIC, Uingereza waliunda bodi yao 1972, mwaka mmoja kabla ya kujiunga. Chombo kile kilinunua kwa fedha za nchi, halafu mfuko wa pamoja ukarejesha gharama kwa viwango vilivyopangwa: tani kuingizwa ghalani, kukaa, kutolewa, na riba ya fedha zilizofungwa humo. Ikiuzwa kwa hasara, na hasara hiyo nayo mfuko unaibeba.

Hebu jitieni nyinyi kwenye kiti cha waziri wa kilimo. Ukipigania bei ya juu, wakulima wako wanakushangilia, na bili inagawanywa kwa nchi zote. Ukisema basi, unawaudhi wa kwako ili kumpunguzia mzigo jirani. Nani atasema basi? Mwenye ghala naye alilipwa kwa tani na muda, kwa hivyo nafaka ikikaa sana ndiyo kheri yake. Uingereza hata mahangari ya viwanja vya ndege vya zamani yalijazwa ngano.

Na kulikuwa na jengine la kihesabu, ambalo mimi naliona ndilo kubwa. Shehena iliandikwa vitabuni kwa bei iliyonunuliwa, ingawa kila mtu alijua haitauzika kwa bei hiyo. Yaani hasara ilijificha ghalani. Mpaka 1988 ndipo wakakubaliana thamani ipunguzwe tangu siku ya kununua.

Wakati huo huo, 1984-85, Ethiopia watu wanakufa kwa njaa. Ndipo wananchi wa kawaida Ulaya walipoanza kuuliza maghala haya ni ya nini hasa. Sisi wa umri fulani tunaukumbuka ule unga wa yanga Tanzania, mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani. Ziada ya wakubwa husafiri, lakini kwa ratiba yao.

Dawa ilikuja 1992, chini ya kamishna Ray MacSharry wa Ireland: bei ya kununulia nafaka ikatwe kwa karibu theluthi moja katika miaka mitatu, na mkulima alipwe moja kwa moja kwa ekari zake. Maghala yalikuwa na kama tani milioni 33 mwaka 1993, kisha yakaanza kumwagika.

Ila ugonjwa ulirudi mlango wa nyuma. Hungary ilipoingia 2004, mahindi yake, mbali na bahari na ghali kuyasafirisha, yalikimbilia ghala la umma kwa mamilioni ya tani. Kuanzia 2007 kiwango cha mahindi ya kununuliwa kikashushwa kwa hatua mpaka sifuri.

Siku hizi kilichobaki kwa bei maalumu ni ngano ya kawaida, mwisho tani milioni 3, kwa euro 101.31 tani moja. Soko limekaa juu ya bei hiyo miaka mingi, basi mkulima hana haja ya kubisha hodi kwa serikali.