Kamba za pori: namna ya kuzitofautisha kwa matunda

Katika misitu na vichaka vya mashariki mwa Kongo, kuanzia Ituri mpaka Tanganyika, kuna kamba za pori za kila namna. Zingine zinatoa chakula, zingine zinatoa dawa, zingine zinaua. Shida ni kwamba nyingi zinafanana: majani yenye umbo la moyo, shina jembamba linalozunguka mti, maziwa meupe yanayotoka likikatwa. Wakaaji waliokomaa karibu na pori walifundishwa na wazee wao. Lakini watu wengi wamekimbia vita na kufikia misitu wasiyoijua, na mtoto mwenye njaa hangoji kufundishwa. Njo maana ni lazima kujua alama ile inayodanganya kidogo kuliko zingine zote: tunda.

Jani linabadilika. La kivulini linakuwa kubwa na laini, la juani linakuwa dogo na gumu, hata kama ni kamba moja. Tunda halibadiliki hivyo. Namna linavyofunguka, pande zake ni ngapi, mbegu zimekaa namna gani ndani: mambo hayo yanabaki yale yale, mmea uwe Walikale ao uwe Fizi. Hapa chini ni mifano ine ya kamba zinazochanganya watu.

Viazi vikuu vya pori

Viazi vikuu, ambavyo wengine wanaita inyame, viko vya namna mingi porini. Tunda lake haliliwi. Ni tunda kavu lenye mbawa tatu, na linabaki kuning'inia hata wakati wa kiangazi, majani yakiisha kuanguka. Huo njo wakati watu wanachimba, kwa hiyo tunda linasaidia sana.

Kiazi cha msituni kinachoitwa na wataalamu Dioscorea praehensilis kinaliwa kikiisha kupikwa. Tunda lake ni pana kuliko urefu wake, na mbegu imezungukwa na ubawa pande zote, kama sarafu ndani ya karatasi.

Dioscorea dumetorum ile ya pori iko na sumu. Tunda lake ni refu kuliko upana wake, na mbegu iko na ubawa upande mmoja tu. Shina liko na miiba, na jani moja limegawanyika kuwa vijani vitatu. Sumu yake inashika mishipa ya fahamu: mdomo unawaka, mtu anatapika, kisha anaweza kutetemeka na kupooza. Kupika peke yake hakuondoi sumu hiyo. Wakati wa njaa, watu wa sehemu mingi za Afrika wanakata kiazi hicho vipande vyembamba na kukilaza ndani ya maji siku kadhaa kabla ya kupika. Kazi hiyo ni ya wale waliofundishwa, si ya kujaribu.

Dioscorea bulbifera nayo iko na tunda refu lenye mbegu ya ubawa mmoja, lakini ni dogo, na jani lake halikugawanyika. Alama yake kubwa ni vile viazi vidogo vinavyoota juu, kati ya jani na shina. Vile vya pori ni vichungu na vinaweza kudhuru. Vile vinavyolimwa ndivyo watu wanapika.

Jambo moja la kukumbuka: viazi vikuu viko na mmea dume na mmea jike. Dume hautoi tunda hata siku moja. Ukikuta kamba isiyo na tunda, chunguza jani na miiba. Ukiona vijani vitatu, acha.

Kamba zenye maziwa

Hapa kosa moja linatosha kuua. Landolphia na Strophanthus ni za ukoo mmoja. Zote mbili zinapanda miti, majani yake yanakaa mawili mawili yakitazamana, na zikikatwa zinatoa utomvu.

Landolphia njo kamba ya mpira. Wakati wa utawala wa mfalme Leopold II, kati ya 1885 na 1908, watu wa Kongo walilazimishwa kwa bunduki na kiboko kwenda kuikata msituni. Tunda lake ni la mviringo, na likiiva linakuwa la rangi ya chungwa ao jekundu-kahawia. Halifunguki lenyewe. Ndani kuna nyama yenye uchachu mtamu iliyoshika mbegu, na watu wengi wanaipenda. Ndugu zake wanajulikana pwani ya Tanzania kwa jina la mabungo, na wanatengenezwa juisi.

Strophanthus haina nyama ya kula. Tunda lake ni kama pembe mbili ndefu zilizoungana kwenye kikonyo kimoja, kila moja ikielekea upande wake. Likikauka linapasuka kwa urefu na kutoa mbegu zenye nywele ndefu laini, ambazo upepo unazipeleka mbali. Wawindaji wa Afrika walitumia mbegu hizo kutia sumu kwenye mishale. Sumu yake inagusa moyo: mapigo yanapotea mpango wake, kisha moyo unaweza kusimama. Watoto wakiona nywele hizo wanazipenda kwa mchezo. Wazazi wawakataze.

Marakuja na ndugu yake mbaya

Marakuja inajulikana na kila mtu. Lakini porini kuna Adenia, ya ukoo ule ule. Nayo inajishikia kwa vikono vyembamba vinavyojikunja, na mara mingi iko na vijipu vidogo pale jani linapokutana na kikonyo, sawasawa na marakuja. Zingine zinatumiwa kulewesha samaki mtoni, na hilo peke yake linaonyesha nguvu ya sumu yake.

Marakuja haifunguki, lazima uipasue kwa mkono ao kisu, na ndani kuna maji ya manjano yenye mbegu nyeusi. Tunda la Adenia likiiva linapasuka lenyewe vipande vitatu, na mbegu zinaonekana nje. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: kamba inayofanana na marakuja, lakini tunda limefunguka lenyewe juu ya mti, usiguse mdomoni.

Matunda ya chungwa yenye kufunguka

Momordica foetida na Momordica charantia zinaota pembeni ya mashamba na njia. Zote mbili ziko na tunda la rangi ya chungwa, linalofunguka vipande vitatu na kuonyesha mbegu zilizofunikwa na nyama nyekundu. Ya kwanza tunda lake limejaa miiba laini, jani ni la moyo mzima, na ukilisugua linanuka vibaya. Ya pili tunda lake liko na vipele na mistari ya kuinuka, na jani limekatwa-katwa kama vidole. Charantia inatumiwa kama dawa sehemu mingi, lakini inashusha sukari ndani ya damu. Anayetumia dawa za ugonjwa wa sukari aongee kwanza na muganga, na mama mwenye mimba aiache. Mbegu zisitafunwe, zaidi sana na watoto.

Kabla ya kula, na kama mtu amekwisha kula

Usitegemee alama moja. Angalia tunda, mbegu, jani na shina pamoja, na uulize mtu wa kijiji hicho anayeila yeye mwenyewe. Kuona ndege ao nyani wanakula si ushuhuda. Mwili wao si wetu. Jina pia halitoshi, kwa sababu jina moja linaweza kuita mimea miwili katika vijiji viwili.

Kama mtu amekula kitu kibaya, ondoa mabaki mdomoni. Usimlazimishe kutapika, usimpe mafuta ya kula wala dawa ya kienyeji. Mpeleke haraka kwenye kituo cha afya, hata kama bado anaonekana mzima, kwa sababu dalili zingine zinachelewa. Beba tunda, jani na kipande cha shina. Muganga akijua ni kamba gani, atajua pia kitu gani cha kuchunga zaidi: moyo, pumzi ao tumbo.