Kufunga Katriji Kwa Deki: Waya Nne Zenye Zinaweza Kukuchoma Mbele ya Wazee wa Benga

Kama umewahi kukaa chini saa sita usiku na taa ya simu kwa meno, ukishika kawaya kadogo kama uzi na kanakataa kuingia kwa pini, hii ni yako. Na kama hujanunua deki bado, soma tu. Itakuokolea doh na aibu.

Wengi wetu huku Migori na Homa Bay tunachapa na laptopu na kontrola. Lakini ukipata deki za mtumba, siku moja utafunga katriji mwenyewe, utake usitake.

Mimi nilijifunza vibaya. Kulikuwa na sherehe Homa Bay, mzae mmoja akaleta santuri yake ya benga, zile ndogo za spidi 45. Akaniambia, "Wuoda, tuwekee hii." Nikamwambia sawa baba, nikaweka. Manze! Gita zilitoka nyembamba, mikwaruzo kibao, besi hakuna, mwimbaji ni kama ako ndani ya tanki. Mzae akaangalia chini, akasema basi, santuri yake imekufa.

Haikuwa imekufa. Mimi ndo nilikuwa nimegeuza waya mbili.

Katriji ni gani kwani?

Ni kale kadude kako mbele ya mkono wa deki, kanashika sindano. Sindano inatetemeka ndani ya mfereji wa santuri, sumaku na koili zinageuza huo mtetemo kuwa umeme kidogo sana, miksa inaukuza. Katriji inafungwa kwa hedisheli na skrubu mbili, halafu waya nne zinaingia kwa pini nne nyuma.

Kuna zenye hazina hii stress. Ortofon Concorde imeungana na hedisheli, unaichomeka tu kwa mkono na kuikaza. Lakini ukipata kitu kama Shure M44-7, utafunga na mkono. Shure waliacha kutengeneza katriji 2018, so ukiuziwa "mpya kabisa" bei ya kutupa, fungua macho.

Waya nne, rangi nne

Hapa ndo watu hulia. Shika hivi:

- Nyeupe: kushoto, ile ya sauti
- Buluu: kushoto, ile ya ardhi
- Nyekundu: kulia, ya sauti
- Kijani: kulia, ya ardhi

Kama pini hazina rangi, tafuta herufi. L na R ni za sauti, LG na RG ni za ardhi.

Ukigeuza nyeupe na buluu peke yake, upande mmoja unasukuma wakati ule mwingine unavuta. Kwa hedifoni unaweza kosa kunotice. Lakini sherehe zetu spika nyingi zinachapa mono, pande zote zinachanganywa kuwa moja. Hapo zinafutana. Chenye kiko katikati, yaani besi na sauti ya mwimbaji, kinapotea. Hiyo ndo ilimpata mzae.

Usivute waya yenyewe, itakatika. Shika kale kachuma ka mwisho na kibano. Huna? Fundi wa simu ako nacho, na ako na ile taa ya kukuza pia. Lakini akitaka kuchomelea waya kwa pini na risasi, kataa. Joto linaua koili ndani. Kama kachuma kamelegea, katoe, kaminye kidogo tu, karudishe. Na kabla hujaanza, toa sindano kama inatoka, ama uvalishe kifuniko. Skrudraiva ikiteleza, sindano ndo inalipa.

Pima, usikisie

Kwa Technics SL-1200, deki yenye ilitoka 1972 na yenye deki nyingi zingine zimeiga, ncha ya sindano inafaa kuwa milimita 52 kutoka pale raba ya hedisheli imekalia. Rula ya shule inatosha. Katriji ikae sawa, isiangalie kando, ndo ukaze skrubu. Usikaze kama nati ya boda.

Sasa uzito:

1. Weka antiskeiti kwa sifuri.
2. Toa kifuniko cha sindano, zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee sawa hewani, usipande wala kushuka. Chunga sindano isiguse kitu.
3. Rudisha mkono kwa kishikio chake. Zungusha ile pete ya namba peke yake mpaka isome sifuri.
4. Sasa zungusha uzito wote mpaka gramu zenye katriji yako inataka. M44-7 ni kati ya 1.5 na 3. Concorde za DJ ziko hapo kwa 3 ama 4, cheki karatasi yake.

Kwa deki za kuiga, hizo namba zinaweza danganya. Na hapa Migori tuko na bahati. Watu wa dhahabu wa Nyatike wanatumia mizani ndogo za dijitali zenye zinasoma sehemu ndogo sana za gramu. Azima moja. Ila kama sahani yake inashika sumaku, katriji itavutwa na namba itakuwa ya uongo.

Sindano ikiruka, usiweke kobole juu ya hedisheli. Najua, wote tumefanya. Angalia uzito kwanza, halafu meza kama inatingishwa na spika.

Ukisikia mngurumo, kuna waya ingine nyembamba inatoka kwa deki. Ifunge kwa skrubu ya ardhi ya miksa. Na hakikisha swichi iko fono.

Mbona ujali?

Juu santuri zenye hawa wazae wanakuletea si za kuchezea. D.O. Misiani alizaliwa Shirati, hapo tu ng'ambo ya mpaka, akaaga 2006. Santuri za Oluoch Kanindo zilifika hadi Zimbabwe, na huko wakaita benga yote "kanindo". Ukikwaruza moja, huingii duka hapo Migori ukanunua ingine.

Ile ya mzae nilimwomba tena wiki iliyofuata, waya zikiwa sawa. Besi ikarudi, mwimbaji akarudi, mzae akasimama. Lakini kuna place moja katikati inasema "tk, tk, tk." Hiyo si waya. Hiyo ni kobole yangu, ya ile siku ya kwanza. Haitoki.